Sura ya 6: Bakteria Walao Moshi

Kama bakteria wanaweza kugeuza moshi wa kiwanda kuwa mafuta, mbona bado tunanunua petroli?

Swali hili huzuka kila habari za namna hii zinapotangazwa. Ndege imeruka kwa mafuta ya moshi. Maganda ya ndizi yamewasha taa. Vijidudu wametengeneza plastiki. Msikilizaji anangoja bei ishuke, na haishuki. Mwaka unaofuata habari ni ileile, nchi nyingine na bakteria mwingine, naye anaanza kuhisi kwamba anachezewa akili.

Hachezewi. Ndege iliruka kweli: Oktoba 2018, Boeing 747 ya shirika la ndege la Virgin Atlantic iliondoka Orlando, Marekani, ikatua Gatwick karibu na London, na sehemu ya mafuta yake ilianza maisha kama gesi chafu ya kiwanda cha chuma nchini China. Kinachoachwa kwenye taarifa ya habari ni hesabu moja tu, hesabu ya nishati. Nishati ya kufanya kazi hiyo ilitoka wapi, na nani aliilipia? Wapo vijana wanaokaa maabara miaka mitatu au minne wakitafuta shahada ya uzamivu, yaani udaktari wa falsafa, na ukiondoa majina marefu ya vitu wanavyochunguza, wengi wao wanahangaika na hesabu hiyohiyo. Tuifuate na sisi.

Jivu halipikii

Washa mkaa. Sehemu kubwa ya mkaa ni kaboni, na inapoungua hujiunga na oksijeni ya hewani, hutoa joto, kisha huacha gesi isiyoonekana iitwayo kaboni dayoksaidi. Wengi tunaiita hewa ukaa, na ndivyo nitakavyoiita hapa. Ichukulie kuwa jivu la kaboni. Moto umeshachukua ulichokuwa ukikitaka, na hakuna mpishi anayebandika sufuria juu ya jivu. Ukitaka jivu hilo lirudi kuwa kitu kinachoweza kuwaka, huna budi kulirudishia joto lote lililotoka, tena na nyongeza, kwa kuwa kila hatua ya kazi hupoteza kidogo. Hili si kosa la mitambo ambalo fundi hodari atakuja kulirekebisha mwaka 2040. Ndivyo dunia ilivyoumbwa.

Mimea huirudisha kazini hewa ukaa kila siku, na anayelipa ni jua. Muhindi hunyonya gesi hiyo kwa majani na kuijenga upya kuwa sukari na wanga. Tatizo ni kwamba mmea haufanyi haraka. Mazao mengi ya shambani huhifadhi takriban asilimia 1 tu ya nishati ya jua inayoyaangukia, wakati paneli ya sola ya kawaida hugeuza karibu asilimia 20 kuwa umeme. Pengo hilo ndilo lililowatia wanasayansi tamaa. Vipi kama paneli itavuna jua, umeme wake utumike kuandaa chakula cha bakteria, na bakteria wafanye kazi ya kujenga?

Taka ni habari nyingine kabisa. Ganda la ndizi, kinyesi cha ng'ombe, majimaji yanayotiririka kutoka kiwanda cha mkonge, vyote bado vina nishati ndani yake. Ndiyo maana vinaoza: kuna viumbe wanaovila na kushiba. Watu huzitaja taka na hewa ukaa kwa pumzi moja, kama vile ni ndugu wa baba mmoja, kumbe moja ina akiba na nyingine ina deni. Utafiti mwingi wa kuzigeuza kuwa bidhaa, ukiuchungulia vizuri, ni jitihada ya kutumia akiba ya mmoja kulipia deni la mwenzake.

*Kwa ufupi: taka huja na nishati yake. Hewa ukaa inabidi iletewe, ama na jua, ama na umeme, ama na gesi nyingine inayowaka.*

Kutoka kinyesi cha sungura

Bakteria wanaotajwa kwenye habari za moshi ni wa kundi linaloitwa asetojeni, yaani watengeneza siki. Hula gesi na kutoa asidi ya asetiki, ileile inayoipa siki ukali wake. Oksijeni kwao ni sumu, hivyo huishi mahali ambapo hewa haifiki: kwenye matope, ndani ya matumbo ya wanyama, chini ya rundo la samadi.

Wa kwanza alitambuliwa Uholanzi mwaka 1936 na mtafiti aitwaye Wieringa. Vita vya Pili vikapita, mbegu ya bakteria huyo ikapotea, na kwa karibu miaka arobaini alibaki jina kwenye karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wajerumani wakamfufua kutokana na mbegu kavu zilizokuwa zimehifadhiwa katika maabara moja ya Marekani. Mbegu za bakteria wa jinsi hii zina ganda gumu na zinaweza kulala miongo bila maji wala chakula.

Wakati huyo akiwa amepotea, ndugu yake alipatikana mwaka 1942 kwenye kinyesi cha farasi, na ni huyo wa farasi aliyewapa kazi ya maisha yao yote Harland Wood wa Marekani na Lars Ljungdahl mzaliwa wa Sweden. Walichukua miongo kadhaa kufumbua jinsi kiumbe asiye na jani wala mwanga anavyoweza kushika hewa ukaa na kuijenga. Njia hiyo ya kikemia leo inabeba majina yao. Wanasayansi wengi wanaamini ni miongoni mwa njia za kale kuliko zote za kujipatia riziki duniani, iliyoanza kabla hewa yetu haijapata oksijeni ya kutosha.

Kisha, mwaka 1994, watafiti wa Ubelgiji wakatangaza bakteria waliyemtoa kwenye kinyesi cha sungura. Wakamwita Clostridium autoethanogenum. Huyu alikuwa na tabia ya pekee: badala ya kuishia kwenye siki, sehemu ya kazi yake aliimalizia kwenye ethanoli, ambayo ni ile spiriti inayowaka. Mwaka 2005, Sean Simpson na Richard Forster walianzisha kampuni ya LanzaTech huko New Zealand, na uti wa mgongo wa biashara yao ukawa ni huyo wa sungura, aliyelelewa na kuchaguliwa kizazi hadi kizazi mpaka akawa mchapakazi.

Sasa tuone walimlisha nini, maana hapa ndipo siri ya ile ndege ilipo.

Karibu kila mwaka tunasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani, milango imefungwa, asubuhi hawakuamka. Kilichowaua ni kaboni monoksaidi, gesi inayotokea mkaa unapoungua bila hewa ya kutosha. Hewa ukaa imeungua ikaisha. Kaboni monoksaidi imeungua nusu, na ile nusu iliyobaki ni nishati. Ukiiwasha, inawaka. Ukimpa asetojeni, anakula. Kinachomuua binadamu usingizini ni mlo kwa bakteria wa sungura.

Viwanda vya chuma hutoa gesi hii kwa wingi wa kutisha. Ili kupata chuma kutoka kwenye mawe yake, tanuru hulishwa makaa, na makaa yale hung'oa oksijeni iliyoshikamana na chuma. Kwa njia hii ya kawaida, kila tani 1 ya chuma cha pua au cha nondo huacha nyuma karibu tani 2 za hewa ukaa. Mei 2018 mtambo wa kwanza wa kibiashara wa LanzaTech ulianza kazi kwenye kiwanda cha Shougang huko Caofeidian, mkoa wa Hebei, China, na mwaka wake wa kwanza ulizalisha zaidi ya lita milioni 30 za ethanoli. Desemba 2022 ukazinduliwa mwingine kwenye kiwanda cha ArcelorMittal mjini Ghent, Ubelgiji, kwa gharama ya takriban euro milioni 200, ukiwa umejengwa kwa uwezo wa lita milioni 80 kwa mwaka.

Kwa hiyo yale mafuta ya ndege hayakutoka kwenye jivu. Yalitoka kwenye kaa lililoungua nusu.

Kuna jambo ambalo matangazo hulipita kimya. Bakteria akipewa kaboni monoksaidi na maji peke yake, kati ya kila atomu 6 za kaboni anazokula, 2 huingia kwenye ethanoli na 4 hutoka kama hewa ukaa. Theluthi moja imegeuka, theluthi mbili zimeungua kulipia kazi. Pia viwanda vingi vilikuwa vikiichoma gesi hiyo kupata umeme wao wenyewe. Ukiwanyang'anya, watautafuta umeme kwingine. Na ethanoli yenyewe ikichomwa ndani ya injini, kaboni yake inapaa vilevile. Imefanya kazi mara mbili kabla ya kwenda angani, basi. Mimi naona kazi mara mbili ni bora kuliko mara moja, ila nisingeiita kuisafisha hewa.

Uniti kumi kwa lita moja

Tuchukue sasa hewa ukaa yenyewe, jivu halisi. Asetojeni anaiweza, mradi uambatanishe na haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote, inayopatikana kwa kupitisha umeme ndani ya maji na kuyapasua. Njia hii inasifiwa kuliko zote, kwa kuwa kwenye karatasi hakuna kaboni inayopotea: hewa ukaa na haidrojeni zinaingia, ethanoli na maji vinatoka.

Nenda na kalamu. Lita 1 ya ethanoli ina uzito wa karibu gramu 790. Kuitengeneza kunahitaji karibu kilo 1.5 ya hewa ukaa na gramu 200 hivi za haidrojeni. Mashine za kupasua maji hutumia takriban uniti 50 za umeme kwa kila kilo ya haidrojeni. Gramu 200 ni sehemu ya tano ya kilo, hivyo lita 1 ya ethanoli inataka uniti 10, na hapo hujalipia pampu, kichanganyio, wala kuni za kuikenekea. Lita hiyohiyo ukiichoma inakurudishia joto la uniti 6 tu.

Zidisha hizo 10 kwa bei ya uniti unayoilipa kwenye LUKU, halafu linganisha na bei ya lita ya petroli kituoni. Usisahau kwamba lita ya ethanoli humpeleka dereva umbali mfupi kuliko lita ya petroli, karibu theluthi mbili yake. Hilo ndilo jibu la swali lililofungua sura hii, na mtu yeyote mwenye risiti ya umeme mfukoni anaweza kulipata bila kumuuliza mtaalamu.

Kwa nini basi watu wenye akili timamu wanaendelea? Kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba umeme hauna thamani ileile saa zote. Upepo wa usiku wa manane huko Denmark hupata wateja wachache. Hapa kwetu, mwaka 2024, mitambo ya bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuwashwa, Tanzania ililazimika kuzima kwa muda baadhi ya mitambo mingine ya maji kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Umeme usio na mnunuzi ni bei nyingine. Lakini naonya: mtambo wa haidrojeni ni wa gharama kubwa, na mtambo wa gharama kubwa unaofanya kazi saa chache kwa wiki haulipi mkopo wake.

Ya pili ina uzito zaidi. Hakuna aliyesema bidhaa lazima iwe mafuta. Mafuta ni miongoni mwa bidhaa za bei rahisi kwa kilo, na kuanza nayo ni kuchagua kushindana na Waarabu kwenye visima vyao. Bakteria wanajua kutengeneza vitu vya thamani zaidi. Huko Vantaa, Finland, kampuni ya Solar Foods ilifungua mwaka 2024 kiwanda kinacholisha bakteria hewa ukaa, haidrojeni na oksijeni kidogo, kisha kinawakausha bakteria wenyewe kuwa unga wa njano wenye protini nyingi. Uwezo wake ni tani 160 kwa mwaka. Ni kidogo, sawa na mzigo wa malori machache, lakini kilo ya protini ya chakula inauzwa kwa bei ambayo kilo ya spiriti haitaiota.

Plastiki nayo ina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani. Mfaransa Maurice Lemoigne, wa Taasisi ya Pasteur, alieleza miaka ya 1920 kwamba bakteria fulani hujiwekea akiba mwilini, jinsi binadamu anavyoweka mafuta kiunoni, na akiba hiyo ikitolewa ni plastiki inayooza ardhini. Karibu miaka mia imepita. Plastiki hiyo ipo sokoni, na bado ni ghali kuliko ile ya mafuta ya petroli. Ukiona teknolojia inayofanya kazi imekaa karne nzima bila kuenea, usitafute njama. Tafuta bei.

*Kwa ufupi: kugeuza hewa ukaa kunawezekana kwa uhakika, lakini kunakula umeme mwingi. Kunalipa pale umeme unapokuwa rahisi sana, au bidhaa inapokuwa ghali sana.*

"Mwanangu, miaka minne unasomea kinyesi?"

Hilo ndilo swali ambalo mtafiti wa fani hii huulizwa nyumbani, likizo ya Krismasi au Idi, mbele ya mashangazi wote. Haki yao kuuliza. Anachofanya kwa siku ya kawaida kingewashangaza.

Anaanza na chupa ndogo za kioo zilizozibwa kwa mpira na kifuniko cha bati, ndugu za zile za dawa ya sindano. Ndani kuna maji yenye chumvi na madini, na rangi kidogo iitwayo resazurini. Chupa isiyo na oksijeni haina rangi. Oksijeni ikipenya hata chembe, maji yanageuka waridi, na bakteria waliolelewa wiki kadhaa huweza kuangamia. Nusu ya mwaka wa kwanza wa masomo huenda kwenye jambo hili moja, kujifunza kufanya kazi bila kuruhusu hewa. Mikono ya mtu aliyezoea hukumbuka pembe ya sindano namna mikono ya kinyozi inavyokumbuka shingo.

Halafu inakuja shida ya mapovu. Bakteria anaishi majini, chakula chake ni gesi, na haidrojeni haipendi maji. Katika joto la kawaida, lita 1 ya maji iliyowekwa chini ya haidrojeni tupu hubeba karibu miligramu 1.5 tu ya haidrojeni. Hewa ukaa huyeyuka karibu mara 1,000 zaidi kwa uzito. Kwa hiyo bakteria anaweza kufa njaa huku mapovu ya chakula yakimpita pembeni kuelekea juu. Ukikoroga kwa nguvu, mapovu yanapasuka yakawa madogo na gesi inayeyuka haraka, lakini kikorogeo kinakula umeme, na tumeshaona umeme unavyotuumiza. Wengine huongeza mgandamizo. Wengine huwalea bakteria juu ya mirija myembamba ya plastiki inayovujisha gesi taratibu, ili chakula kiwafikie bila kukorogwa. Shahada nyingi za uzamivu zimeandikwa juu ya ukubwa wa povu. Sitanii.

Shida ya tatu ni ya uaminifu. Bakteria wengi hustawi wakiongezewa rojo ya hamira, ambayo ina kaboni yake yenyewe. Mtafiti akipata siki mwisho wa wiki, ameipata kutoka kwenye hewa ukaa au kutoka kwenye hamira? Asipochunga, anaweza kutangaza muujiza ambao haukutokea. Kwa hiyo anaweka chupa za pembeni zisizo na gesi, zisizo na bakteria, zisizo na hamira, na wakati mwingine ananunua hewa ukaa iliyotengenezwa kwa kaboni-13, kaboni iliyo nzito kidogo kuliko ya kawaida. Uzito huo ukionekana ndani ya bidhaa, hakuna wa kubisha. Mtu anayetaka kujua kama habari ya redioni ni ya kweli angeuliza swali hilohilo: chupa za pembeni zilionyesha nini?

Shida ya nne ni kuitoa bidhaa majini. Bakteria hawezi kuvumilia kuogelea kwenye spiriti kali. Ethanoli ikifika asilimia chache tu, analegea. Kwa hiyo kiwanda kinabaki na tangi lililojaa maji mengi na ethanoli kidogo, na kuitenganisha kunataka moto. Ndipo wengine walipogeukia bidhaa nyingine, na hapa naomba radhi kwa harufu. Yupo bakteria aitwaye Clostridium kluyveri, aliyetolewa miaka ya 1930 kwenye matope ya mifereji ya Delft, Uholanzi, na Mmarekani H. A. Barker. Ukimpa siki na ethanoli, anaziunganisha, kaboni mbili kwa mbili, mpaka apate asidi ya kaproiki yenye kaboni 6. Inanuka beberu. Mtafiti anayeifanyia kazi hukaa peke yake kwenye daladala. Lakini asidi hiyo haipendi maji, hivyo ikiandaliwa vizuri hujitenga na kuelea juu kama mafuta ya kupikia, na hutumika kwenye vyakula vya mifugo na viwanda vya manukato. Ndiyo, manukato.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haihitaji malighafi safi. Mabaki ya jikoni yakiachwa yachachuke bila hewa hutoa siki na asidi fupifupi yenyewe. Bakteria wa Delft, wakipata na ethanoli, wanaendeleza kutoka hapo.

Korona, mkonge na samaki

Haya yote yanasikika ya mbali, Ghent na Vantaa. Twende Tanga.

Mkonge uliletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, 62 ilifika hai, na mashamba makubwa ya Tanganyika yalitokana na hiyo. Tangu siku zile hadi leo kazi ni ileile: majani yanakatwa, yanapelekwa korona, yaani mashine inayoyaponda na kuyakwangua, singa zinatoka, zinaanikwa. Singa ni karibu asilimia 4 ya uzito wa jani. Katika tani 100 za majani, tani 96 hivi ni makapi na majimaji ya kijani. Yalirundikwa nyuma ya kiwanda au kuachiwa yatiririke mitoni, yakanyonya oksijeni ya maji na kuua samaki, huku rundo likioza na kutoa methani, gesi inayopasha joto anga kuliko hewa ukaa kwa mbali.

Asilimia 96 ni akiba, si deni. Na mahali pa kuitoa ni mtambo wa bayogesi: tangi lisilo na hewa, ambamo vijidudu wa aina nyingi wanapokezana kazi. Wa kwanza huvunja nyuzi na wanga, wanaofuata hutengeneza siki na haidrojeni, wa mwisho huzigeuza kuwa methani. Gesi inayotoka huwa methani nusu au theluthi mbili, na iliyobaki karibu yote ni hewa ukaa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walilifanyia kazi jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 2000, na matokeo yao mawili yanafaa kujulikana na kila mwenye shamba. Moja: walipozikata taka za singa mpaka vipande vya milimita 2, methani iliongezeka kwa asilimia 23, kwa kuwa vijidudu walipata pa kuuma. Pili: walichanganya makapi ya mkonge na mabaki ya samaki, theluthi mbili kwa theluthi moja. Mkonge una kaboni tele na nitrojeni kidogo. Samaki ana nitrojeni nyingi, na akioza peke yake hutoa amonia inayowalewesha vijidudu. Vikiwa pamoja, kila kimoja kilifunika upungufu wa mwenzake, na methani ikapanda kwa zaidi ya nusu kulinganisha na kila kimoja peke yake. Hizo ni namba za chupa za maabara, na tangi la shambani hutoa chini ya hapo. Lakini hakuna mashine ya kigeni iliyohitajika. Ilihitajika kujua kipi kichanganywe na kipi.

Huko Hale, wilayani Korogwe, shamba la mkonge la Katani lilijenga mtambo wa bayogesi wa kuzalisha umeme wa kilowati 150, kwa msaada wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, na mfuko wa kimataifa wa mazao ya biashara. Ulitajwa kuwa wa kwanza duniani wa aina yake. Nauona kuwa muhimu kuliko ndege ya Orlando, kwa sababu ulianza na nishati iliyokuwa imeshalipiwa na jua la Tanga na ilikuwa ikitupwa.

Na hewa ukaa iliyomo kwenye bayogesi? Hapa ndipo akiba na deni hukutana. Avedøre, karibu na Copenhagen, mwaka 2016 kampuni ya Electrochaea iliwasha mtambo wa megawati 1 uliopuliza haidrojeni ndani ya gesi hiyo. Vijidudu wa methani waliitumia kugeuza hewa ukaa iliyobaki kuwa methani zaidi. Tangi moja la taka, kwa hiyo, linaweza kutoa gesi nyingi zaidi bila kuongezewa taka, mradi haidrojeni ipatikane kwa bei nzuri. Hilo "mradi" ndilo linaloamua.

Mtu akija na mradi

Watakuja. Watakuwa na picha za kupendeza na neno "kijani" kila ukurasa. Kabla halmashauri, ushirika au mwenye shamba hajatia saini, ayaulize haya:

1. Nishati inatoka wapi? Kama jibu ni hewa ukaa, bado hujajibiwa.
2. Malighafi inapatikana kila siku, mahali pamoja, bila chupa za plastiki na betri ndani yake? Dampo la mjini lina taka nyingi na malighafi kidogo. Korona, machinjio na soko la samaki ni kinyume chake.
3. Katika kila kilo 100 za kaboni inayoingia, ngapi zinakaa kwenye bidhaa na ngapi zinapaa?
4. Nani atanunua, na atanunua kwa bei hiyo ruzuku ikiondolewa?

Swali la nne si la dharau. LanzaTech yenyewe, yenye bakteria aliyethibitishwa na mitambo inayofanya kazi, iliingia soko la hisa la Nasdaq mwaka 2023, na kufikia 2025 thamani ya hisa zake ilikuwa imeporomoka vibaya. Sayansi yake haikuwa imebadilika.

Kwa wanafunzi wetu wanaotafuta mada ya uzamivu, maoni yangu ni haya. Kuchota hewa ukaa kutoka angani na kuigeuza mafuta ni kazi ya nchi zenye umeme wa kumwaga, nasi bado hatujafika huko. Ila nyuma ya kila korona kuna majimaji yanayotiririka leo, na nyuma ya kila machinjio kuna shimo. Wanaojua ni vijidudu gani wanaoyaweza, kwa joto letu, kwa mchanganyiko wetu na kwa gharama ambayo ushirika wa wakulima unaimudu, bado ni wachache mno. Shilingi ya kwanza ya utafiti iende huko.